Mkasi Usiooshwa

Kwemvumo watu walikuwa na msimamo mmoja kuhusu mfiwa: akae. Akae mkekani, ale anachopewa, alie akijisikia kulia, na kazi zote za dunia zimngoje mpaka matanga yaanuliwe. Sasa mwone Tabia Shekalaghe. Mama yake kazikwa juzi, na asubuhi hii yeye kapiga magoti kwenye tope la Bondeni, kichwa kakiingiza ndani ya ua wa watu, ananusa.

Ua ulikuwa wa mboksi, kama nyua zote za mji ule wa milimani. Mboksi ukiwa mzima hunuka mkojo wa paka. Mgeni hukunja pua, lakini mtoto wa Kwemvumo akienda kusoma mbali, harufu hiyo ndiyo anayoilia. Ua huu haukunuka kitu. Tabia akainua tawi moja kwa vidole viwili, na majani yakamwagika mapajani mwake. Kijiti kilichobaki kilikuwa na michirizi myeusi. Akageuza jani, akaona chini yake unga mweupe, mwembamba, kama wa muhogo uliobaki kwenye chekecheke.

Mwenye nyumba, Mama Kiluwa, alisimama nyuma yake na ndoo tupu mkononi. "Ni Kinyozi?"

"Ndiye."

"Basi sisi tumekwisha."

Kinyozi ndilo jina watu walilolipa kuvu lile, kwa sababu lilikuwa likinyoa ua mzima mpaka kipara. Na Mama Kiluwa hakuwa anatia chumvi. Chemchemi za Kwemvumo zilikauka zamani, bibi zetu wakiwa wasichana, na wataalamu wakauchukua mboksi, kichaka cha kupendezea bustani, wakaubadilisha mpaka jani lake likaota vinyweleo vya kunasa ukungu. Ukungu huwa tone, tone huteremka kijitini, hufika kwenye mfereji, huingia tangini. Mizizi nayo waliifundisha kushikana, nyumba hata nyumba, ili mwenye maji mengi amgawie jirani wa chini yake. Ua wa nyumba ndio bomba la nyumba. Ukifa, unafunga virago, unaenda kusongamana kwa shemeji.

Na kwa kuwa watu wa Kwemvumo wanajiona, hawakukubali kunywa kutoka kichaka ovyoovyo. Kila ukoo ulikata ua wake kwa umbo lake. Kina Kiluwa walikata birika, na mdomo wake. Siku hiyo birika lilikuwa limetoboka, unaona sokoni upande wa pili.

"Vijana wa baraza watakuja kuung'oa na kuuchoma," Tabia alisema. "Nisamehe, Mama Kiluwa. Agizo ni langu."

"Najua ni lako. Umeshachoma mtaa mzima. Kinyozi kapungua nini?"

Swali zuri, na Tabia alilistahili. Alikuwa daktari wa nyua wa mji mzima, anayetembea kama mwenye mji, na watu walimpenda kwa hilo kwa sababu mara nyingi alikuwa sahihi. Safari hii alichoma, akachimba, akamwaga chokaa, na Kinyozi akazidi kucheka. Tena hakwenda na upepo wala na mvua, kama kuvu lenye adabu. Aliruka. Leo yuko sokoni, kesho yuko mtaa wa mbali, nyumba zote za katikati hazina hata doa.

Alivuka njia akanawe mikono, ndipo alipoziona nyua mbili zilizomsimamisha.

Wa juu ulikuwa wa Hizza, dereva wa malori, aliyekwenda Tanga akafunga lango kwa kufuli. Hakuna aliyethubutu kung'oa ua wa mtu asiyekuwepo, kwa hiyo ulikuwa umeoza hapohapo uliposimama, vijiti vitupu. Wa chini yake ulikuwa wa mzee Mbelwa. Huo ulikuwa na madoa, ndiyo, lakini madoa yenyewe yalikuwa yamekauka kama kovu la ndui. Majani yalikuwa manene, magumu kama kandambili mpya, na mfereji wake ulikuwa unatiririka.

"Huu uliupaka nini, mzee?"

Mzee Mbelwa alikuwa amekaa kizingitini anamenya njegere. "Niupake nini? Tangu marehemu wangu aondoke hata kuupunguza sijaupunguza. Walioukata mara ya mwisho ni nyinyi wenyewe, siku ya kuanua matanga yake."

Tabia alitoa begani chombo chake, anachokiita sikio. Ni ufito wa chuma tu, na uzi wa kuvaa kwenye sikio la mtu. Ukiuchomeka ardhini unasikia mizizi inavyopashana habari, maana mizizi ya mboksi husemeshana kwa uchachu na chumvi, na chuma kile hugeuza uchachu kuwa sauti. Siku zote husikika mnong'ono. Alipochomeka baina ya nyua zile mbili alisikia kitu kama sufuria ya mchele inayoanza kuchemka, haraka haraka, haipumziki, ikitoka kwenye mizizi ya ua uliokufa kuteremka kwenye ule mzima. Akahamisha ufito upande wa juu wa nyumba ya Hizza. Kimya. Habari ilikuwa inasafiri na maji, na maji hayapandi mlima.

Akakaa chini palepale kwenye tope. Ua ulioachwa uugue mpaka mwisho ulikuwa umemwambia jirani yake namna adui alivyo, na jirani akavaa ngozi nene. Na yeye, daktari mzima, alikuwa akiziwahi nyua zote kabla hazijasema. Mtu anapiga kelele za mwizi, yeye anamkata ulimi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, maana ng'ambo ya njia moshi wa ua wa Mama Kiluwa ulikuwa umeshapanda.

*

"Mwanamke huna haya," Bi Mwanamvua alimpokea. Alikuwa shoga wa mama yake tangu ubichi wao, na kufiwa kulimpa ruhusa ya kusema lolote. "Mama yako hajapoa, wewe uko matopeni. Kaa."

Tabia alikaa. Alipewa uji, akanywa. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote Kwemvumo, na kutoka mkekani aliuona ua wa mama yake, mkubwa, umekatwa umbo la ndege kanga, kifua mbele, mkia nyuma, kila jani limefuatwa kwa mkono. Mama alikuwa akiuzungukia kila alfajiri akiusema maneno kana kwamba ni mke mwenza. Tabia aliutazama, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alimtaka mama yake. Hakuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Wanawake walikuwa wanafanya kile wanachofanya wanawake kwenye matanga yakishachosha: kuihesabu misiba iliyotangulia, nani alipikiwa vizuri, nani alipikiwa wali mbichi.

"Ulioanza mwaka huu ni wa Kaniki pale sokoni," mmoja alisema.

"Kisha mama yake mwalimu, kule Mwisho wa Njia."

"Kisha yule pacha wa kina Hizza, maskini. Kisha mke wa Mbelwa. Halafu baba mkwe wa Mama Kiluwa," Bi Mwanamvua alimalizia.

Tabia akaweka bakuli chini. "Rudia, Bi Mwanamvua. Polepole."

Bi Mwanamvua alirudia, akishangaa. Sokoni. Mwisho wa Njia. Kwa Hizza. Kwa Mbelwa. Kwa Kiluwa. Kinyozi hakuwa ameruka hata siku moja. Alikuwa akihudhuria misiba.

*

Mjomba wake, Singano, alikuwa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, na mapajani mwake umelala mkasi ndani ya kitambaa cheupe. Alikuwa mshika mkasi wa Kwemvumo, kama baba yake. Siku ya kuanua matanga yeye huleta mkasi ule mmoja kwa mfiwa, na kila mwombolezaji hukata kijiti kimoja cha ua wa marehemu akakiweke kaburini. Kisha mkasi hufungwa, huenda kungoja msiba mwingine. Hauoshwi. Utomvu wa msiba wa jana huguswa na utomvu wa msiba wa leo, ili pasiwe na mtu anayelia peke yake. Kumwoshea mfiwa mkasi ni kumwambia wafu wa wenzake ni uchafu. Watu walishawahi kununiana miaka kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Nipe niutazame, mjomba."

"Kesho utautazama na wenzako."

"Mjomba."

Alimpa. Makali yalikuwa yameganda gundi nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Tabia alikwangua kidogo kwa ukucha, akatia chini ya kioo chake cha kukuzia, akakaa nacho muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alikuwa anatafuta namna ya kusema. Hakuipata.

"Ni mkasi," alisema. "Unga wa Kinyozi umo humu, hai, umelala kwenye utomvu. Kila ulipopita mkasi, yeye alishuka."

Singano hakuuliza kama ana hakika. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaulia watu maji yao. Nikiingia nawapa pole, nikitoka nimewaua."

"Hukujua."

"Nilivaa kanzu safi, Tabia. Kila mara nilihakikisha nimevaa kanzu safi." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Naweza kusema mkasi umepotea. Umetumbukia chooni. Kesho hakuna wa kukata, kanga wa mama yako anapona, na mimi nazikwa na jina langu."

Na usidhani Tabia hakutamani. Alitamani kweli. Jambo lingekwisha hapo, kimya, na kila alfajiri angeamka akamkuta yule kanga na kifua chake.

"Mjomba, mama yangu amekaa juu ya wote," alisema. Akamweleza yote, kuhusu Hizza na Mbelwa, sauti ile ya mchele, na maji yasiyopanda mlima. "Ua ukiugua Bondeni, unamfundisha aliye chini yake tu. Ukiugua huu, ukaachwa uugue mpaka mwisho, unaufundisha mji mzima. Hakuna mwingine wa kuanzia."

Singano alimkazia macho. "Unataka kuutia ugonjwa kwa makusudi. Kichaka kizima, kilichokunywesha tangu unatambaa."

"Ndiyo."

"Na ukiwa umekosea?"

"Nikiwa nimekosea, kwa kuwa huu hauchomwi, mvua ya kwanza itauteremsha unga kutoka huku juu mpaka sokoni, na nitakuwa nimemaliza kazi ya Kinyozi kwa mikono yangu. Nitauwekea turubai, lakini turubai ni turubai." Alivuta pumzi. "Sijakosea. Nimesikia kwa sikio langu."

"Nyumba moja umeisikia."

"Nyumba moja."

Singano akauliza, "Mama yako angesemaje?"

"Angesema mtu asimguse kanga wake."

Mzee alicheka huku bado analia, na Tabia naye akacheka, maana ndivyo hasa angesema, tena na kiatu mkononi. Hilo ndilo lililomuuma. Hakuwa na radhi ya kuegemea. Kama angelitenda jambo hili, angelitenda kinyume cha mama yake, wiki ileile ya mazishi yake, na angebaki na hilo.

"Basi utie ugonjwa ua wa mtu mwingine wa huku juu," mjomba alisema, akimpima.

"Waliochomewa nyua zao kwa agizo langu hawakuulizwa. Safari hii naanza na kwangu. Na wao nitawauliza."

*

Siku ya kuanua matanga watu walipanda wote. Uwanja ulijaa mpaka nje ya lango. Singano alisimama mbele na kitambaa chake cheupe, na kabla Tabia hajafungua mdomo, yeye akasema.

"Mkasi huu ndio uliozitia maradhi nyua zenu. Mimi ndiye niliyeubeba. Anayetaka kunilaumu anilaumu leo, nipo."

Tabia akasimama kando yake, bega kwa bega, akawaeleza alichokiona, kwa maneno ya kawaida, bila kuficha kwamba aliwachomea nyua zilizokuwa zinapiga kelele za kuwaokoa, na bila kuficha hatari ya mvua. "Nataka kumkata kanga wa mama yangu kwa mkasi huuhuu, mchafu hivi ulivyo. Nikifaulu, tutakunywa wote. Nisipofaulu, nitakuwa nimewaangamiza. Walio chini yangu ndio watakaoumia, kwa hiyo nawauliza. Akikataa mmoja, nauacha."

Mama Kiluwa alijipenyeza mbele. Usiku wa jana alilala kwa shemeji yake, na uso wake ulionyesha shemeji ni mtu wa namna gani. "Wangu uliuchoma bila kuniuliza."

"Nilikosea."

"Jana ulikuwa na hakika vilevile kama leo. Sauti yako ni hiyohiyo."

"Ni kweli," Tabia alisema. "Jana nilikuwa na hakika kwa sababu kitabu kilisema. Leo nina hakika kwa sababu ua wa Mbelwa uko hai. Shuka ukautazame kwanza. Tutakungoja."

Na Mama Kiluwa, mwanamke wa watu, akashuka kweli. Msiba mzima ukamsubiri juani. Bi Mwanamvua alinung'unika kwamba wali unapoa. Aliporudi alikuwa anahema, na mkononi ameshika jani moja nene lenye kovu. Alilikunja, likakataa kukunjika. Akamtazama Tabia sana.

"Kata," alisema.

Akaanza mfiwa, kama desturi. Tabia aliweka makali kwenye shingo ya kanga, pale mama yake alipopenda kupapasa, akakata. Baada yake akakata mjomba, Bi Mwanamvua, Mama Kiluwa, na wote, kijiti kimoja kimoja, wakijua safari hii wanachokifanya. Mama yake Tabia aliombolezwa kikamilifu, hakupunguziwa mtu hata mmoja.

Mkasi uliporudi mkononi mwake, Tabia aliingia jikoni, akatoka na sufuria ya maji yaliyotokota, maji ya tangi la mama yake. Akautumbukiza mkasi mbele ya watu. Gundi ile ya miaka ikalainika, ikaachia, maji yakawa meusi.

"Huzuni yenu yote imebaki hapa kwangu," alisema. "Isitoke tena kwenda kwa mtu."

*

Kanga alinyolewa. Mkia ulikwenda kwanza, kisha kifua, na chini ya turubai vikabaki vijiti vyeusi. Tabia hakung'oa hata kimoja. Kila siku alichomeka sikio upande wa chini wa ua, akasikia ule mchele ukianza kuchemka, ukichemka, ukishuka. Tangi lake lilikauka. Asubuhi alipofungua mlango alikuta ndoo za maji zimepangwa, na hakuna aliyejitaja, ingawa ndoo ya Mama Kiluwa aliijua kwa ufa wake. Mvua ya kwanza ilinyesha. Tabia alikaa dirishani akiitazama mpaka ikakatika, pamoja na hakika yake yote. Majirani wa chini walipata madoa. Madoa yakakauka. Majani hayakuanguka.

Msiba uliofuata ulikuwa wa Mwisho wa Njia, kwa kijana mmoja aliyefiwa na bibi yake. Singano alifika kwenye kanzu safi, Tabia nyuma yake, na mlangoni mzee akasimama, akagoma kuingia.

"Sufuria ya maji moto iko wapi?"

Yule kijana alibabaika. "Maji ya nini, mzee?"

"Mkasi hauingii kwa mfiwa bila kuoshwa mbele yake. Hamfundishwi siku hizi? Ndivyo tulivyofanya siku zote."

Kijana aligeuka kumtazama Tabia, amsaidie. Tabia alikuwa amebana midomo, anautazama ua wa marehemu, umbo la kiatu kikubwa, mnene, wa kijani, unanuka mkojo wa paka kutoka lango mpaka lango.

"Siku zote," alisema. Akachukua sufuria mwenyewe, akaenda kukinga maji mferejini.